Majina ya Pembeni mwa Daftari

Barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo siku ya Alhamisi, kati ya tangazo la mechi na tangazo la chumba cha kupanga, na kufikia saa nne kila aliyepita hapo alikuwa ameshaisoma. Odeta Mihayo, stashahada ya ualimu, mwaka wa mwisho, alitakiwa kufika mbele ya kamati ya taaluma Jumatano inayofuata, pamoja na mzazi au mlezi, kujibu tuhuma ya wizi wa maandishi. Tuhuma ikithibitika, ilisema barua, ataondolewa chuoni.

Mchana, alipokuwa akisubiri kupakuliwa wali, mwanafunzi mmoja nyuma yake alisema kwa sauti ya kusikika, "Fotokopi, na mimi nitolee kopi mbili."

Wenzake wakacheka. Odeta alipokea sahani yake, akala akiwa amesimama dirishani, akaosha sahani, kisha akatembea kwa miguu mpaka Mabatini, kwenye chumba alichopanga na mama yake.

Evelina alikuwa uani akiosha mayai ya kuuza jioni stendi. Aliyapangusa moja moja na kitambaa, akiyaweka kwenye ndoo ya plastiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Mwalimu kafiwa?"

Odeta akampa nakala ya barua. Evelina alikausha mikono kwenye khanga, akasoma kwa kufuatisha mstari na kidole. Alipofika kwenye neno wizi, kidole kilisimama. Akatazama upande wa Bi Moza, mwenye nyumba, aliyekuwa akianika nguo hatua chache tu kutoka pale.

"Ingia ndani," alisema.

Ndani alifunga mlango, ingawa kulikuwa na joto. "Umeiba nini?"

"Maneno."

"Ya nani?"

"Ya baba."

Evelina akakaa kitandani. Tangu Jonathan Mihayo afariki, mwaka wa tatu sasa, katika chumba kile neno baba likitamkwa lilifuatwa na kimya, kila mmoja akimsubiri mwenzake abadilishe mazungumzo. Safari hii Evelina ndiye aliyeendelea.

"Mtu anaibaje maneno ya baba yake?"

Insha ya utafiti ya Odeta ilihusu wachuuzi wa foleni ya kivuko cha Busisi, watu walioishi kwa kuwauzia abiria waliosubiri kuvuka, na maisha yao yalivyokuwa baada ya daraja kufunguliwa na foleni kwisha. Baba yake alikuwa mpanga foleni pale kwa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyeamua lori lipi litangulie na gari dogo lipi lisogee. Alikuwa na kaunta buku, na kila kivuko kilipokuwa ng'ambo, alikaa juu ya jiwe akaandika mambo ya foleni. Wiki aliyofariki, kabla ndugu hawajagawana vitu vyake, Odeta alikaa kizingitini katika nyumba ya msiba akanakili kurasa ishirini kwenye daftari lake la shule. Hakuwa akifikiria chuo. Aliogopa tu kusahau alivyokuwa akiongea.

Juzi Mwalimu Nathaniel, anayefundisha mbinu za utafiti, alikuwa amemwita ofisini. Ni mtu anayejulikana kwa kurudisha insha nzima kwa sababu mwaka wa kitabu kimoja umekosekana. Mezani kwake ilikuwepo insha ya Odeta, kurasa nne zimepakwa rangi ya njano kuanzia juu mpaka chini.

"Asilimia thelathini na nane," alisema. "Kompyuta imeyakuta haya neno kwa neno kwenye ripoti ya Dokta Paulo Kashindye. Ripoti ipo mtandaoni mwaka wa sita."

"Mwalimu, haya ni maneno ya baba yangu."

"Umemtaja wapi?"

"Sijamtaja."

"Kwa nini?"

"Alipofariki, mimi nilichobakiziwa ndicho hicho. Nilijua ni cha kwangu."

Mwalimu Nathaniel alivua miwani. "Ng'ombe wa baba yako ukirithi ni wako. Maneno yake yanabaki yake. Hiyo moja. Ya pili, mimi nitajuaje kwamba si wewe na baba yako mlioyatoa kwenye ripoti? Lete ushahidi aliandika kabla. Bila huo sina la kukusaidia."

Evelina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kashindye. Yule mtu wa kofia."

"Unamkumbuka?"

"Alikuja nyumbani, akakaa na baba yako mchana kutwa. Akala mayai manne, akaomba na chumvi. Akaondoka na kaunta buku kwapani." Akaikunja barua. "Na hiyo kaunta buku unajua ilipo."

Odeta alijua. Siku ya ugawaji iliangukia kwa baba mdogo Masalu, pamoja na koti la mvua ambalo Jonathan alilivaa kazini. Evelina alikuwa amelitaka lile koti ili auzie mayai wakati wa mvua, na mbele ya wazee wote alimwambia shemeji yake kwamba anamvua marehemu hata hajapoa. Tangu siku ile hawakuwa wamesalimiana.

"Niende nikamwombe Masalu?" Evelina alisema.

"Tutamwomba daftari, mama. Si koti."

"Kwangu mimi ni kitu kilekile."

Lakini jioni ile hakwenda stendi. Mayai waliyala wenyewe, na mawili wakampelekea Bi Moza, ambaye aliyapokea bila kuuliza kitu, na kwa kutouliza kwake wakajua alikuwa amesikia yote.

Jumamosi walivuka daraja. Evelina alikaa dirishani akitazama maji.

"Ni dakika ngapi hizi?" aliuliza.

"Kama tano."

"Watu walikuwa wanalala hapa."

Pale ilipokuwa foleni, vibanda vilikuwa vimefungwa kwa mbao, vingine vimeng'olewa mabati. Mwanamke mmoja alikuwa akikaanga mihogo kwa ajili ya waendesha bodaboda watatu. Alimtambua Evelina, akamwita kwa mbali, "Mama Mayai," na Evelina akapunga mkono bila kusimama, kwa sababu hakutaka kuulizwa anakwenda wapi.

Masalu aliwakuta wakiwa wamesimama uani kwake. Alikuwa anatoka zizini, suruali imekunjwa, fimbo mkononi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mama Odeta, habari za mjini?"

"Nzuri, shemeji."

"Mwaka wa tatu huu."

"Nimekuja na shida, shemeji."

"Najua. Bila shida njia hii usingeikumbuka."

Aliwatolea viti, akaagiza maziwa, akakaa upande wa pili akisubiri. Evelina alikuwa amejiandaa kusema maneno fulani ya kumlainisha, lakini hayakumtoka. Ikabidi Odeta aeleze, tangu kurasa za njano mpaka barua ya ubaoni. Masalu hakumkatiza. Aliuliza jambo moja tu.

"Huyo dokta, kwenye kitabu chake, kaka ametajwa mara ngapi?"

"Hajatajwa, baba mdogo."

"Na wewe kwenye insha yako umemtaja mara ngapi?"

Odeta akatazama kikombe cha maziwa. "Sijamtaja."

"Kwa hiyo mko wawili," alisema Masalu, akainuka, akaingia ndani.

Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha mezani. Alikiweka magotini, akafungua fundo taratibu. Kaunta buku ilikuwa na jalada lilelile jekundu, pembe zimelainika. Katikati palikuwa na unyoya wa kuku wa kuwekea alama.

"Nasoma ukurasa mmoja kila Jumapili nikitoka kanisani," alisema bila kuwatazama. "Daftari likiisha naanza tena."

Evelina, aliyekuwa amekuja akiwa na picha ya daftari lililotupwa darini na kuliwa na panya, aliutazama ule unyoya. Akanywa maziwa.

Odeta alifungua ukurasa wa kwanza. Maneno aliyajua kwa moyo. *Foleni ina tabia zake. Saa ya kwanza watu hukaa ndani ya magari na vioo wamefunga. Saa ya pili hufungua vioo. Saa ya tatu hushuka wakaulizana majina. Biashara ya mchuuzi huanza saa ya tatu.* Lakini pembeni, kwenye nafasi iliyopigwa mstari mwekundu, kulikuwa na maandishi mengine madogo yaliyobanana. Siku ile ya msiba aliyaona akayaruka. Baba yake alikuwa mtu wa kuandika namba za magari hata kwenye mkono wake, naye alidhani ni hizo.

Hazikuwa namba za magari. *Dereva wa lori la saruji, 14/3. Rebeka wa mihogo, amerudia mara mbili. Hili nimeliona mwenyewe. Hili nimesikia tu, sina hakika.*

Aligeuza ukurasa mwingine, na mwingine. Kila jambo lilikuwa na mtu wake pembeni.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema Masalu. "Haandiki kitu bila kuandika nani kamwambia. Pale kazini mtu akija kulalamika kwamba amerukwa, kaka anafungua karatasi, anamwonyesha nani alitangulia. Hili daftari nalo alilipanga hivyohivyo. Soma nyuma kabisa."

Jalada la nyuma lilikuwa na mistari miwili kwa wino wa bluu. *Limeazimwa na Dkt. P. Kashindye, 3/8/2019, saa 5:40 asubuhi. Atarudisha baada ya siku 7.* Chini yake palikuwa na saini ya mtu mwingine, ndefu, yenye mkia. Kisha, kwa mwandiko wa Jonathan: *Limerudi 26/10. Siku 84.*

Evelina alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama mtu aliyepaliwa, na kilimshangaza yeye mwenyewe. "Alizihesabu," alisema. "Kila asubuhi alikuwa ananiambia, leo ya ishirini, leo ya thelathini."

"Baba mdogo, tunaomba utuazime mpaka Jumatano," alisema Odeta.

"Haliazimwi."

"Masalu," alisema Evelina.

"Shemeji, mara ya mwisho liliazimwa siku saba likakaa themanini na nne, tena likarudi limeshazaa mtoto huko. Safari hii halitoki bila mimi. Hiyo kamati inakaa saa ngapi?"

Jumatano asubuhi mlinzi wa geti aliwasimamisha. Odeta alimpitisha kwa kitambulisho. Masalu, aliyevaa lile koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka, aliulizwa kama amekuja kuziba mabomba. Evelina alikuwa na ndoo yake, kwa kuwa angetoka hapo moja kwa moja kwenda stendi.

"Wauza mayai mlango wa nyuma, mama," alisema mlinzi. "Tena si saa hizi."

"Nimeitwa na kamati."

"Kamati imeagiza mayai?"

"Kamati imeniagiza mimi," alisema Evelina, akapita.

Kamati ilikuwa na watu watano, mwenyekiti akiwa Madam Shamsa, mkuu wa taaluma, mwanamke wa makamo aliyevaa ushungi wa kijivu na kuongea polepole. Mwalimu Nathaniel alikaa pembeni na makaratasi yake. Ndoo ilibaki karibu na mlango. Evelina alikalia ukingo wa kiti, akavuta khanga magotini.

Daftari lilizungushwa mezani. Masalu aliinuka kila lilipohama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, akalifuata, mpaka Madam Shamsa akamwambia, "Mzee, halitaliwa." Akakaa, ila kwa shida.

Mjumbe mmoja, kijana mwenye tai, alilitazama jalada la nyuma. "Tarehe mtu anaweza kuandika anayotaka. Hata saini. Hili lingeweza kuandikwa Jumapili iliyopita."

"Na wino umefifia Jumapili iliyopita?" aliuliza Masalu.

"Mzee, mimi nauliza tu."

"Na mimi najibu tu."

Madam Shamsa akanyoosha mkono kuwatuliza. Akachukua ripoti iliyochapwa. "Tulinganishe. Nitasoma ripoti, Odeta afuatishe kwenye daftari." Akasoma mahali palipopakwa rangi. "*Muuza mayai hodari hutia chumvi kwenye maji ya kuchemshia ili ganda likipasuka yai lisimwagike. Mmoja wao huchemsha mayai sitini kwa siku na hurudi nyumbani na ndoo tupu.*"

"Si kweli hiyo," alisema Evelina.

Wote wakamgeukia. Alikuwa hajasema neno tangu aingie zaidi ya salamu.

"Nini si kweli, mama?"

"Sitini. Yalikuwa sabini."

"Wewe unajuaje?"

"Huyo muuza mayai ni mimi."

Kijana wa tai akaegemea kiti. "Kwa hiyo ripoti imekosea, na daftari linasemaje?"

Odeta alikuwa ameshapata ukurasa. "Sitini," alisema kwa sauti ya chini. Akasoma na pembeni. "*Evelina, mke wangu, jikoni, jioni.*"

"Basi daftari nalo limekosea," alisema kijana.

"Halijakosea. Nilimdanganya." Evelina alikunja ncha ya khanga na kuikunjua. "Mume wangu nilimwambia sitini. Pesa za yale kumi nilikuwa naziweka kando kwa ajili ya ada ya huyu, maana kwetu kila mwenye shida alikuwa anakuja kukopa, na baba Odeta alikuwa hajui kusema hapana." Hakumtazama Masalu, lakini Masalu alitazama sakafu. "Uongo ule nilimwambia mtu mmoja tu hapa duniani. Huyo mtu wa kofia hakuniuliza kitu zaidi ya chumvi. Kama angehesabu mwenyewe kwenye ndoo, angekuta sabini. Hiyo sitini yake kaitoa wapi?"

Mwalimu Nathaniel, aliyekuwa akiandika, aliacha kuandika.

"Mwenyekiti," alisema, "wakati mwingine mnakili hujifichua mwenyewe kwa kunakili kosa. Huyu amenakili mpaka uongo wa mama."

Madam Shamsa alifunua ukurasa wa mwisho wa ripoti, palipokuwa na namba za simu. Alipiga, akaweka sauti ya juu, akaiweka simu katikati ya meza. Iliita muda mrefu kabla ya mwanamume kupokea. Madam alijitambulisha, akasema kuna mwanafunzi anatumia ripoti yake na chuo kinataka uhakika wa chanzo.

"Ni heshima kubwa," ilisema sauti.

"Ukurasa wa kumi na moja, Dokta, huyu muuza mayai. Ulimhoji mwenyewe?"

"Nilimhoji mwenyewe, palepale kwenye foleni. Sisi tulifanya kazi uwanjani, madam."

"Anaitwa nani?"

"Majina tuliyahifadhi. Maadili ya utafiti."

"Sawa. Na daftari la mzee Mihayo lilikusaidia kwa kiasi gani?"

"Lile daftari nililirudisha," alisema Dokta Kashindye. "Wamesema sijarudisha? Nililirudisha mwenyewe. Mwulizeni mzee."

"Mzee ni marehemu," alisema Madam Shamsa. "Lakini ameandika kwamba ulilirudisha. Siku themanini na nne. Chuo kitakuletea barua, Dokta. Asante."

Akakata simu. Masalu aliachia pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kijana wa tai aliivuta kaunta buku karibu yake, na safari hii aliigeuza kwa mikono miwili.

"Odeta," alisema Madam Shamsa, "hukuiba kwa Dokta Kashindye. Hilo limeisha. Una la kusema?"

Odeta alikuwa amekaa na kidole kwenye ukurasa uleule. Angeweza kusema hapana, na mambo yakaishia hapo.

"Sikuiba kwa huyo, madam. Lakini baba aliandika jina la kila mtu, na mimi nilipokuwa nanakili niliyaacha, nikachukua maneno tu. Hilo sikujua. Jina la baba nililiacha nikijua." Akaondoa kidole kwenye ukurasa. "Kwenye orodha ya marejeo nilikuwa na maprofesa watupu. Nikajiuliza, mtu wa darasa la saba, mpanga foleni, nitamweka vipi katikati yao. Nikaona heri niseme ni maneno yangu."

Evelina aligeuka akamtazama mwanaye. Macho yake yalikaa hapo muda mrefu kuliko Odeta alivyoweza kuvumilia.

"Wiki tatu," alisema Madam Shamsa baada ya kunong'ona na wenzake. "Utaiandika upya. Kila neno la pembeni liingie mahali pake. Itasahihishwa kama insha mpya, na utaiwasilisha ukumbini mbele ya mwaka wote."

"Na ubao?" aliuliza Masalu.

"Ubao gani, mzee?"

"Mlimbandika ubaoni kwamba ni mwizi. Mbandike kwamba si mwizi. Palepale."

Madam Shamsa alimtazama, kisha akamwambia katibu aandike hilo nalo.

Walipokuwa wanatoka, Mwalimu Nathaniel alimwita Odeta kwenye korido. Alikuwa na kipande cha karatasi. "Uliuliza unamweka vipi katikati ya maprofesa. Hivi." Alikuwa ameandika kwa herufi safi: *Mihayo, Jonathan (2019). Daftari la foleni ya Busisi. Mswada ambao haujachapishwa. Unahifadhiwa na Masalu Mihayo, Busisi.*

Masalu alisoma juu ya bega la Odeta. "Hapo mwisho pameandikwa nini?"

"Jina lako, baba mdogo."

"Soma tena."

Akamsomea. Masalu akaomba asomewe mara ya tatu, kwa sababu, alisema, korido ile ina kelele.

Kazi ya wiki tatu ilikuwa ngumu kuliko kamati. Pembeni mwa daftari mlikuwa na watu thelathini na mmoja, wengi wao hawana majina kamili: Rebeka wa mihogo, dada wa maji baridi, mzee wa kamba. Mwalimu Nathaniel hakukubali dada wa maji baridi. Ikabidi Evelina akae na simu. Foleni ilipokwisha watu walitawanyika, wengine Geita, wengine Nansio, mmoja alikuwa anauza mitumba hapohapo Nyamagana wala hawakujua.

"Nakuomba jina lako la kitambulisho," Evelina alikuwa akiwaambia.

"Nimefanya nini?" kila mmoja aliuliza. Walikuwa wamezoea kwamba jina kamili huulizwa na polisi.

"Hujafanya kitu. Ulisema jambo la maana mwaka ule, mume wangu akaliandika. Sasa linaingia chuoni."

"Nilisema nini?"

Odeta alisoma, na upande wa pili wa simu kikasikika kicheko, halafu marekebisho. Mmoja alisema hakusema hivyo hata kidogo. Mwingine alisema alisema hivyo lakini alikuwa amekasirika. Odeta aliandika yote. Kuhusu mayai aliweka tanbihi: *Muuza mayai mwenyewe amesahihisha idadi hii. Yalikuwa sabini.* Evelina aliisoma ile tanbihi, akatafuta kosa, hakuliona.

Orodha ilipokamilika aliipitia kwa kidole kama alivyopitia ile barua. Alipofika katikati akakunja uso.

"Huyu Kashindye yumo?"

"Lazima awemo, mama. Ripoti yake nimeitaja na nimeeleza alichofanya."

"Na yuko juu ya baba yako."

"Ni herufi. K inatangulia M."

"Baba yako miaka kumi na tisa anapanga watu, leo anapangwa nyuma ya mwizi wake?"

Masalu, aliyekuwa amekuja na daftari kwa mara ya nne na sasa alikuwa anamenya yai, alitikisa kichwa. "Shemeji, kaka hakuwahi kumruka mtu. Waziri alikuja akasubiri zamu yake. Huyo naye angempitisha ikifika zamu yake. Ila angeandika namba yake ya gari."

Evelina alilifikiria hilo, akarudisha karatasi mezani.

Siku ya uwasilishaji tangazo kwamba Odeta si mwizi lilikuwa ubaoni wiki ya tatu, na hakuna aliyekuwa amemwita Odeta Fotokopi tangu siku ya pili. Ukumbini safu mbili za mbele zilikuwa za wageni. Walikuja kumi na wanane, wamevaa nguo za kanisani na za sikukuu, wakisalimiana kwa vifijo vidogo kwa kuwa wengine walikuwa hawajaonana tangu foleni ilipokwisha. Mlinzi wa geti alikuwa amewafungulia geti kubwa. Masalu alikaa mwanzo wa safu, kaunta buku magotini, koti la mvua limekunjwa vizuri na kuwekwa kwenye kiti cha Evelina, ambaye alilikuta hapo, akaliinua, akakaa nalo.

Odeta alisoma insha yake kwa dakika ishirini. Alama, Mwalimu Nathaniel alizitaja mwishoni: themanini na saba, za juu kuliko zote mwaka ule, na angekuwa na themanini na tisa kama asingesahau tarehe mbili za mahojiano. Wanafunzi walipiga makofi. Kisha mwalimu akasema, kama ilivyo desturi, mwanafunzi ataje vyanzo vyake kwa kifupi.

"Kwa kifupi siwezi," alisema Odeta.

Alianza juu. Alisoma jina la kwanza, la yule dada wa maji baridi, na kutoka safu ya pili sauti ikaitikia, "Nipo," kama darasani. Watu wakacheka, lakini aliyefuata naye akaitikia, na wa tatu, na baada ya hapo kucheka kukaisha. Kwa wasiokuwepo mwenzao mmoja alisema yuko Geita, yuko Nansio, amefariki mwezi wa nne.

"Kashindye, Paulo."

Hakuna aliyeitikia. Odeta alimpa muda uleule aliowapa wengine, akaendelea.

"Mayala, Evelina."

"Nipo," alisema mama yake, akasimama. Wengine walikuwa wakiitikia na kukaa. Yeye hakukaa. Alibaki amesimama na koti mkononi, akimtazama binti yake, akisubiri jina linalofuata.

"Mihayo, Jonathan."

Masalu aliinua kichwa.

"Yupo," alisema Evelina.

Akakaa. Odeta aliinamisha uso kwenye karatasi mpaka herufi zikaonekana tena vizuri, akaweka kidole kwenye mstari uliofuata, na kuendelea kusoma, kwa sababu nyuma ya baba yake walikuwa bado watu kumi na wawili kwenye foleni.